Kazi ya Kusugua

Mwalimu wa sanaa aliingia darasani na gunia begani, akalitua mezani kwa kishindo, vumbi likatimka mpaka wa dawati la mbele wakapiga chafya. Wanafunzi walimwita Mwalimu Msasa, na jina hilo hakuna aliyeumiza kichwa kulitafuta. Kwenye mfuko wa shati, pale walimu wenzake wanapochomeka kalamu, yeye alichomeka kipande cha msasa. Akiwaza jambo alikipapasa kwa kidole gumba, kama wengine wanavyopapasa ndevu.

"Niliwaambia mchore chungwa," alisema, akainua daftari la kwanza. "Hili ni nini?"

"Chungwa, Mwalimu," alijibu mwenye daftari.

"Huu ni mpira. Na hili?" Akainua la pili. "Mpira. Hili? Balbu. Hili sijui, labda ni kichwa cha mwalimu mkuu."

Darasa likaangua kicheko, na papo hapo akajuta, kwa sababu ofisi ya Mkuu ilikuwa ukuta wa pili na kuta za shule ile zilikuwa nyembamba. Akashusha sauti. Akatoa chungwa lenyewe kutoka kwenye gunia, akamkabidhi msichana mrefu wa dawati la mbele, ambaye mama yake alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi.

"Fumba macho. Lipapase. Linakuambia nini?"

"Halisemi kitu, Mwalimu."

"Vidole vyako ndio viziwi. Taratibu."

Msichana akapapasa. "Lina vishimo. Vishimo vidogo vidogo."

"Vishimo!" Mwalimu akapiga meza. "Kwenye mchoro wako viko wapi? Umelinyoa chungwa la watu!"

Aliwaambia kwamba vitabuni jambo hilo wameliita umbile la uso, vijana kama wao wanaliita tekscha, na yeye analiita mparuzo, kwa sababu neno lenyewe ukilitamka linakukwaruza koo. Akapindua gunia. Gome la mti, tofali lililovunjika, kipande cha zulia la mlangoni, kitana kilichong'oka meno, sponji, soli ya kiatu. Akachanganya mchanga na gundi akaupaka kwenye ubao, wakaona ukuta mkuukuu ukitokea hapohapo. Akapitisha kitana kwenye rangi mbichi, ikawa nywele. Akachovya mswaki kwenye rangi akaukwangua kwa kucha, ikanyesha mvua juu ya karatasi na juu ya shati la mmoja wao.

Nyuma kabisa, karibu na dirisha, alikaa binti yake. Walipokuwa shuleni hakumwita Baba na hakumwita Mwalimu. Alikuwa ameshapata njia ya kuzungumza naye bila kumwita chochote. Haikusaidia. Darasa zima lilimwita Binti Msasa, na wengine walipompita dirishani walijikuna mikono kama waliopata upele. Siku hiyo alikuwa ameinamisha kichwa zaidi ya kawaida, kwani ile soli iliyopita mkono kwa mkono ilitoka kwenye kiatu chake cha zamani, na mpaka kufika dawati la tatu watu walikuwa wameshaitambua.

"Sasa tazameni hapa," alisema Mwalimu. Akatandaza karatasi juu ya tofali, akalaza penseli, akaanza kusugua. Polepole tofali likapanda lenyewe kwenye karatasi, na tundu zake na ufa wake, bila mtu kulichora. Darasa likasema "aaah" kabla halijakumbuka kwamba halipendi kufurahishwa. Hata Binti Msasa alinyanyua shingo, kisha akairudisha.

"Kazi ya nyumbani. Mwende mkasugue. Ukuta, mlango, sakafu, sufuria, chochote chenye mparuzo. Jumatatu nataka karatasi."

"Mwalimu," alisema yule msichana mrefu, "mama hakubali nizunguke nyumba nzima nikishikashika vitu vyake. Atasema nimechanganyikiwa."

"Usijali. Wazazi nitawaandikia."

* * *

Waliishi nyuma ya shule, kwenye nyumba ya mwalimu, vyumba viwili na ukumbi ambao nusu yake ilikuwa cherehani ya mkewe. Mama mkwe naye aliishi nao. Alikuwa bibi wa maneno machache, na hayo machache hakuyaelekeza kwa mkwe wake hata siku moja. Aliyaelekeza kwa paka.

Baada ya chakula Mwalimu alikaa na simu, akawa anadonoa herufi mojamoja kwa kidole kimoja. Mkewe aliinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Umeanza saa ngapi hiyo?"

"Nakaribia. Sikiliza. 'Ndugu mzazi au mlezi, kwa heshima na taadhima, ninayo furaha kukujulisha kwamba katika kutimiza malengo ya somo letu la sanaa, ambalo ni mhimili muhimu wa makuzi ya...'"

"Hapo mzazi ameshalala. Lete."

"Mbona bado hujasikia—"

"Lete simu, baba."

Mkewe aliandika kama alivyoshona, kwa kasi na bila kuinua kichwa. Alikata heshima, akakata taadhima, akakata malengo na mhimili. Alipofika mahali palipoandikwa "kwa penseli juu ya karatasi" akasita kidogo.

"Hii nayo natoa. Sanaa kila mtu anajua ni penseli. Kwani watasugulia ndizi?"

Akasoma kwa sauti: "'Mzazi, mwanao ana kazi ya Sanaa ya nyumbani: KUSUGUA. Asugue kuta, sakafu, milango na vyombo. Usimsaidie. Asiposugua anapata sifuri. Mwalimu wa Sanaa.' Umeona? Mfupi, na una meno."

Mwalimu akautazama, akaupenda. Hasa hayo meno. Miaka yote wazazi walikuwa wakijibu ujumbe wake kwa kimya, na sasa alikuwa na ujumbe wa kujibiwa.

Binti alikuwa nyuma ya bega la mama yake akipanga sahani. Aliusoma, akaona kitu. Akafungua mdomo. Kisha akaikumbuka soli yake ikipita mkono kwa mkono, akafunga mdomo, akapeleka sahani kabatini.

"Nitume?" mama aliuliza.

"Tuma," alisema Mwalimu.

* * *

Jumamosi mtaa mzima ulinuka sabuni.

Mwalimu alitoka kwenda kununua mkate, akaona mambo ambayo hajapata kuyaona. Vijana waliokuwa wakishinda kibarazani na simu zao walikuwa wamepiga magoti, mabrashi mkononi, makalio juu. Mmoja wa darasa lake alikuwa anang'arisha geti kwa waya wa masufuria, jasho likimtoka. Mlangoni alisimama mama yake, mikono kiunoni, simu mkononi.

"Hongera, kijana!" alisema Mwalimu kwa moyo mweupe.

Kijana akamwangalia jicho la kutaka kuua.

Dukani sabuni ya unga ilikuwa imekwisha, na waya wa kusugulia nao hakuna. Muuza duka alisema hajui kuna nini, labda wageni wakubwa wanakuja. Mwalimu alirudi na mkate wake, akiwa amefurahi kwelikweli.

"Watu wanawasingizia tu watoto wa siku hizi," alimwambia mkewe. "Wana adabu. Wamesaidia kazi za nyumbani kwanza, ndipo wafanye za shule."

Binti aliyekuwa anakata mkate alijikata kidole.

Jumatatu aliingia darasani akisugua viganja kwa hamu. "Haya, leteni!"

Hakuna aliyesogea. Walikuwa wamekaa kama watu waliotoka msibani, mikono yao myekundu, wengine wamefunga vidole plasta.

"Karatasi ziko wapi?"

"Mwalimu," alisema kijana wa geti, "kazi iko nyumbani. Geti haliingii kwenye begi."

"Geti gani? Nilisema msugue kwa penseli!"

Hapo darasa lililipuka, kila mtu na lake. Mmoja alimwambia baba yake kwamba ni penseli, akaambiwa ujumbe wa mwalimu haujataja penseli na asilete uvivu. Mwingine alisugua vyombo vya kabatini vya wageni, ambavyo wageni hawajawahi kuvitumia. Mwingine alisugua ukuta mpaka rangi ya kijani ikatoka, ikaja ya bluu, ikatoka, ikaja ya pinki, na bibi yake akalia kwa sababu pinki ndiyo aliyoolewa nayo.

Msichana mrefu wa dawati la mbele alisimama mwisho, taratibu.

"Mimi nilimweleza mama vizuri, Mwalimu. Nikamwonyesha na penseli yenyewe. Akasema nisimfundishe kusoma, akanipa waya, akaniambia nianze na vyombo. Basi nikaanza na kikaango chake kipya, kile cheusi kisichoshika chakula." Akaketi. "Sasa ni cheupe."

Mwalimu aliingiza kidole gumba mfukoni, akapapasa msasa. Kwa mara ya kwanza haukumsaidia.

* * *

Mkuu wa shule alikuwa mtu mnene mwenye kuhema, na siku hiyo alihema kuliko siku zote. Simu mezani iliita, akaizima. Ikaita tena.

"Unaisikia? Tangu asubuhi. Umenifungulia bomba, Mwalimu, na mimi sina ndoo. Baba mmoja ananiuliza kama shule imegeuka kituo cha kufunza wafanyakazi wa ndani. Mwingine anauliza kama nitampelekea mtu wa kupaka rangi."

"Mkuu, ni neno tu. Nilikusudia—"

"Nimeuona ujumbe. Asugue sakafu. Mimi mwenyewe nimesoma mpaka chuo kikuu, nimeelewa sakafu." Akahema. "Na jambo jingine. Kichwa changu ni chungwa au ni mpira?"

Mwalimu aliutazama ukuta.

"Ukuta huu ni mwembamba," alisema Mkuu. "Tuliache hilo. Mwenyekiti wa kamati ameitisha kikao cha wazazi Jumamosi. Anataka somo lako lifutwe na chumba unachofundishia kiwe stoo ya viti. Mkataba wako unaisha muhula huu, na bila somo sina mahali pa kukuweka. Na ile nyumba ni ya mwalimu mwenye vipindi, sio yangu kugawa." Alikuwa mtu mwema, na maneno yalimtoka kwa taabu. "Utarudi kusugua benchi, ndugu yangu. Na hapo hakuna cha penseli."

Kusugua benchi Mwalimu alikujua. Kabla ya shule hii aliketi kwenye mabenchi ya maofisi mengi, vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki, akiambiwa asubiri, arudi kesho, aliyemfuata yuko kwenye mkutano. Mkewe ndiye aliyewalisha kwa cherehani wakati ule, na hakuwahi kumkumbusha. Hilo la kutokumbushwa ndilo lililomuuma zaidi.

Nyumbani alieleza yote akiwa amesimama, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Cherehani ikanyamaza.

"Kwa hiyo mimi ndiye nimekufukuzisha kazi," alisema mkewe.

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa pua. Umevuta pumzi pale kwenye 'ujumbe'."

"Nimevuta pumzi kwa sababu napumua!"

"Mimi nilikuuliza, nitume? Ukasema tuma. Ukasema una meno!"

"Wewe ndiye uliyesema una meno!"

"Paka," alisema mama mkwe kutoka kwenye kiti chake, "njoo ukae huku kwangu. Tukihamishwa, mimi na wewe hatuna mizigo."

Hakuna aliyecheka. Mke akaanza kukunja gauni la mteja ambalo halikuwa limekwisha kushonwa, akalikunjua, akalikunja tena. Hapo binti akatoka jikoni na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi, uso umemvimba.

"Mimi niliona," alisema.

"Uliona nini?" baba yake aliuliza.

"Ujumbe. Niliona kwamba watu watadhani ni sabuni. Nikanyamaza."

Mama akaacha gauni. "Ukanyamaza kwa nini, mwanangu?"

"Kwa sababu ya soli!"

"Soli gani?"

"Soli ya kiatu changu! Baba ameipitisha darasa zima! Watu wakainusa! Kila kitu cha nyumba hii kinaingia kwenye gunia, zulia letu, kitana cha Bibi, na mimi ndiye ninayekaa pale nikiitwa Binti Msasa, wewe ukitoka unaenda ofisini!"

Miezi yote hiyo Mwalimu aliamini kwamba binti anakaa nyuma kwa sababu dirishani kuna mwanga mzuri. Na kwa vile alikuwa mwalimu wa sanaa, maneno ya kwanza yaliyomtoka yakawa ya kazi.

"Lakini ilikuwa soli nzuri sana," alisema. "Imelika upande mmoja. Unajua kwa nini? Kwa sababu unakanyagia nje unapoharakisha. Nikiishika namwona mtu anakimbia. Ndiyo maana niliichukua. Katika gunia zima hakuna kitu kizuri kama kile."

"Sikukuomba!" alisema binti, akaingia chumbani akafunga mlango.

Mama mkwe akamwangalia paka muda mrefu. "Kumbe kitana changu," akasema.

* * *

Siku ya kikao ukumbi wa shule ulijaa. Wazazi ambao hawakuwahi kuja hata kuchukua ripoti walikuja, na wote walikuwa wasafi. Mwenyekiti wa kamati, mama mrefu kama bintiye, mwenye mkoba mkubwa, alifungua kikao kwa kutoa kikaango kutoka kwenye mkoba huo na kukiinua juu.

"Ndugu wazazi, kikaango hiki kilikuwa hakishiki hata yai. Sasa kinashika mpaka maji."

Ukumbi ulicheka, yeye hakucheka. Alisema watoto wamepelekwa shule wapate elimu. Kama ni kusugua, nyumbani kuna mahali pengi na hapahitaji mwalimu mwenye shahada. Akapigiwa makofi. Baba wa ukuta akasimama, akasimulia rangi zake zote kwa mfuatano. Mwingine akasema mwanawe ni wa kiume, akaishia hapo, kana kwamba hoja imekwisha. Mama mmoja wa nyuma akamuuliza kama mwana wa kiume hali kwenye sahani.

Kisha mke wa Mwalimu akasimama. Alikuwa amevaa gauni lake zuri, na tangu asubuhi alikuwa amekataa kusema kama atakuja au haji.

"Ujumbe niliandika mimi," alisema. "Mume wangu aliandika penseli. Nikaifuta. Kama kuna mtu wa kufukuzwa, mimi siwezi kufukuzwa kwa sababu sikuajiriwa, lakini nisemeni mimi."

"Kwa hiyo shule hii inaendeshwa na mke wa mwalimu?" aliuliza baba wa mwana wa kiume.

"Na nyumba yako inaendeshwa na nani?" aliuliza yule mama wa nyuma, na ukumbi ukavurugika.

Mwalimu aliomba nafasi. Alipita mbele na karatasi na penseli. "Naomba niwaonyeshe nilichokusudia. Mara moja tu. Mama Mwenyekiti, naomba kikaango."

Akapewa. Akatandaza karatasi juu yake, akalaza penseli, akasugua. Ukumbi ukaanza kunyamaza, mmoja mmoja. Kwenye karatasi ikapanda mikwaruzo ya waya, mamia yake, ikizunguka na kupishana, mingine ya hasira, mingine iliyochoka, mpaka pale katikati ambapo mkono wa msichana ulikata tamaa. Ilikuwa picha nzuri kweli. Mwalimu mwenyewe alijisahau.

"Mnaona?" alisema, akaiinua. "Kila kitu kimebaki. Hata hasira yake imebaki!"

"Ndio huo ushahidi!" alisema Mwenyekiti. "Ameutengeneza mwenyewe!"

Ukumbi ukalipuka. Mkuu alisimama, akahema, akamshika Mwalimu bega kwa upole. "Nenda kakae nje. Tutakuita."

* * *

Nje ya ukumbi kulikuwa na benchi la mbao, lile ambalo wanafunzi wakorofi hukaa kumsubiri Mkuu. Mwalimu alikaa. Alitazama upande wa nyumba yake, kamba ya nguo, dirisha lake ambapo cherehani ilionekana kidogo. Alijaribu kuwaza mahali watakapoiweka cherehani ile na hakupata. Ndani watu walipiga kelele, wakacheka, wakapiga kelele tena, na hakuweza kutambua wanamcheka nani.

Hakumsikia binti yake akija. Alimwona tu amesimama mbele yake, daftari la kuchorea chini ya kwapa.

"Wamesemaje?" aliuliza binti.

"Bado."

"Mama?"

"Mama yuko ndani anapigana."

Binti akapiga magoti kwenye udongo, akachana karatasi moja, akaitandaza kwenye benchi kando ya baba yake, akalaza penseli. Akaanza kusugua.

Mwalimu alitazama mkono ule ukienda na kurudi, mwepesi, bila kukandamiza, kama alivyowafundisha. Vichwa vya misumari vikatokea kwanza. Kisha mistari ya ubao, kisha kovu la moto, kisha alama za kucha na visu vya watoto wote waliowahi kukaa pale wakiogopa. Binti alikuwa ametoa ncha ya ulimi nje, kitu alichokuwa akifanya akiwa mdogo.

"Sogea kidogo," alisema binti bila kuinua macho. "Umekalia penye uzuri."

Akasogea.

Mlango ukafunguliwa, Mkuu akatoka akijipangusa shingo kwa leso. Nyuma yake alitoka mke wa Mwalimu, kilemba kimemwendea upande, na nyuma yao Mwenyekiti na mkoba wake.

"Mwalimu," alisema Mkuu, "wazazi wamepiga kura. Mabwana wengi walitaka ufutwe. Lakini akina mama ni wengi zaidi, na wamesema tangu wazae watoto hawa hawajawahi kuona Jumamosi kama ile." Akahema. "Somo linabaki. Mkataba nitauandika upya. Sharti ni moja: hiyo kazi ya kusugua iwe kila Jumamosi. Sabuni watatoa wenyewe."

Mwalimu akafungua mdomo aeleze, kwa mara ya mwisho, kwamba sanaa sio sabuni. Mkewe akamkanyaga mguu.

"Unakubali?" aliuliza Mkuu.

"Nakubali," alisema Mwalimu. Maumivu ya mguu yakampa ujasiri. "Lakini na karatasi. Wasugue kwa sabuni, kikikauka wasugue kwa penseli. Jumatatu nataka karatasi."

Mkuu akamgeukia Mwenyekiti. Yeye alikuwa bado anamwangalia binti aliyepiga magoti pale chini.

"Karatasi sawa," alisema. "Ila vikaango visiguswe." Akapita zake. Ile picha ya mikwaruzo ilichungulia kwenye mkoba wake, imekunjwa vizuri, na Mkuu alipotaka kuichukua kwa ajili ya faili aliambiwa aiache kwanza.

Mke alikaa kwenye benchi, akavua kilemba, akakifunga upya. "Ujumbe wa kesho," alisema, "utaandika mwenyewe."

"Kwa heshima na taadhima," alisema Mwalimu, na wote wawili wakaanza kucheka, wakashindwa kuacha, mpaka mke akafuta machozi kwa ncha ya gauni.

Binti alikuwa amemaliza. Alisimama, akajipangusa magoti, akanyoosha mkono wenye karatasi.

"Kazi yangu," alisema. "Mwalimu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Mwalimu alipokea karatasi kwa mikono miwili, akajikohoza, akatafuta sauti yake ya darasani.

"Umechelewa. Ilikuwa iletwe Jumatatu. Nitakata maksi."

"Kata. Na soli yangu naitaka."

"Soli ni kifaa cha kufundishia. Haitoki." Akaigeuza karatasi mbele na nyuma. "Na jina liko wapi? Kazi isiyo na jina siisahihishi, unajua."

Binti akamwangalia, akaichukua karatasi, akailaza tena kwenye benchi. Alifikiri kidogo huku akiuma penseli. Kisha akaandika pembeni kwa herufi kubwa, akamrudishia, akaondoka upesi kuelekea nyumbani, akikanyagia nje.

Mwalimu akasoma: BINTI MSASA. Akatoa msasa mfukoni, akaona hana la kufanya nao, akaurudisha, na mkewe akasogea karibu asome naye.